Kurekodi nondo bustanini kwa mtego wa taa: mwongozo kamili kwa walioambulia kumbikumbi

Nimeandika hii kwa sababu kila mvua zikianza napokea picha ileile. Shuka limejaa kumbikumbi na mbu, nondo wawili wamechakaa pembeni, na chini yake swali: "mbona mimi siwapati?" Ukimuuliza umetumia taa gani, ni ledi ya kawaida ya sebuleni. Umewasha lini, ni usiku ambao mbalamwezi ilikuwa inaonesha hadi sindano. Umeandika nini, hajaandika kitu.

Na tuelewane mapema, nondo ninaowasema hapa ni wadudu, ndugu zake kipepeo wanaoruka usiku, sio nondo za mm 12 wala zile "nondo" wanazoshusha watu kwenye mdahalo. Ukitafuta neno hili mtandaoni utaletewa bei ya chuma kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka unachoka.

Mimi naishi Morogoro, upande wa Bigwa, chini ya milima ya Uluguru. Bustani yangu ni ya kawaida kabisa, mchicha, matembele, migomba kadhaa, mpapai na uzio wa maua. Huhitaji msitu. Unahitaji taa sahihi, usiku sahihi na daftari.

## Vitu vya kuandaa

- Taa inayotoa mwanga wa UV (hapa ndipo wengi wanapofeli, hatua ya 1 yote inaihusu)
- Shuka jeupe la pamba, kubwa, ambalo mwenye nyumba hatalidai tena
- Kamba ya kuanikia na vibanio vya nguo
- Ndoo ya lita 20, kama unataka mtego wa kuacha usiku kucha ukalale
- Dumu la plastiki la lita 5 la kukata faneli
- Trei za mayai za karatasi, tano au sita. Za plastiki hapana, zinateleza
- Vikontena vidogo vya plastiki vyenye mfuniko, vinavyoonesha ndani
- Simu yenye kamera inayoweza kukaribia kitu kidogo
- Rula, au ukurasa wa daftari la hesabu wenye viboksi (pima kwanza kiboksi kimoja ni milimita ngapi, madaftari hayafanani)
- Daftari na penseli. Peni inachuruzika umande ukiingia, penseli haina shida hiyo
- Shati la mikono mirefu, suruali na soksi

Hilo la mwisho watu wanalipuuza halafu wanarudi na malaria. Utakaa nje gizani saa mbili tatu, mbu watakukuta. Dawa ya kujipaka paka miguuni na shingoni, ila viganja viache vikavu, maana ndivyo vitakavyoshika vikontena na wadudu.

Jambo lingine ni chandarua. Watu wanafikiria kukitumia kufunika mtego kwa sababu kipo ndani na hakina kazi. Vyandarua vingi vinavyogawiwa kliniki na mashuleni vina dawa ya kuua wadudu ndani ya uzi wenyewe, kwa hiyo asubuhi utakuta mtego mzima wamelala chali. Ukihitaji neti tumia ya dirishani isiyo na dawa.

## Hatua ya 1: Pata taa sahihi

Macho ya nondo yanaona vizuri UV, ule mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa au tunauona kama zambarau hafifu. Ledi nyeupe ya kisasa ya kuokoa umeme karibu haina UV, na ile ya njano ndio mbaya zaidi, ndiyo maana watu wanaotaka wadudu wapungue kibarazani wanashauriwa waweke hiyo. Kwa hiyo ukiweka balbu ya wati 30 inayong'aa mtaa mzima na bado hupati kitu, sio mkosi.

Unachotafuta kinaandikwa nanomita (nm, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 365 hadi 400 hivi. Hapa kwetu vinapatikana hivi:

Taa ya ledi ya UV ya wati 10 mpaka 20. Zile zinazouzwa kwa ajili ya ukumbi wa disko au mapambo. Ndiyo ninayotumia mimi. Haichemki na inakula umeme kidogo mno, wati 10 kwa saa 11 ni kama uniti 0.11 tu kwenye luku.

Tyubu ya bluu ya mashine ya kuua nzi, zile unazoziona buchani. Nunua tyubu peke yake uiweke kwenye fremu ya kawaida ya saizi yake yenye choki na stata. Fremu za siku hizi za tyubu za ledi hazina choki, haitawaka. Na tafadhali usiifungue mashine yenyewe kuitoa tyubu wakati imechomekwa, ule wavu wake una volti nyingi na unaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa.

Taa ya kukaushia kucha za jeli ya saluni. Inafanya kazi, nyingi zina 365 na 405 pamoja. Ila ina mambo mawili ya kuudhi: mwanga unaangalia ndani, kwa hiyo lazima uigeuze ielekee shuka, na nyingi zinajizima zenyewe baada ya sekunde 60 au 99. Kuna dada mmoja aliniambia alikuwa anabonyeza kila dakika usiku mzima. Hapana. Kama haina namna ya kuwaka moja kwa moja achana nayo.

Balbu ya mekuri ya wati 160. Hii ndiyo kali kuliko zote, inavuta kutoka mbali. Ila inachemka vibaya sana, tone la mvua likiigusa kioo kinaweza kupasuka, na kwa saa 5 inakula uniti 0.8. Kwa anayeanza sio lazima.

Sasa kuhusu kupigwa, yaani kuuziwa taa feki. Taa yangu ya kwanza "ya UV" ilikuwa balbu ya kawaida iliyopakwa rangi ya zambarau. Niliikalia usiku mbili nikiamini Bigwa haina nondo. Jinsi ya kuipima palepale dukani: mulika shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga, mahali penye kivuli. UV ya kweli inalifanya shati ling'ae lenyewe, jeupe la bluu, kama limewashwa kwa ndani. Balbu ya rangi inalifanya shati lionekane zambarau tu, basi. Maji ya toniki nayo yanang'aa bluu kwa sababu ya kwinini, kama muuza duka ana subira na wewe.

Onyo kubwa: kuna taa za UV za kuua vijidudu, zinazotumika kwenye mashine za maji na zilizouzwa sana wakati wa korona. Hizo ni UV ya aina nyingine kabisa na zinaunguza macho na ngozi. Usizitumie hata kwa dakika moja. Na hizi za kwetu za kawaida pia usizikodolee macho, kaa ubavuni.

*Umefanikiwa kama:* shati linang'aa na taa inakaa imewaka saa nzima bila kuzima wala kunuka plastiki.

## Hatua ya 2: Chagua usiku

Waulize wavuvi wa dagaa. Wanatoka na taa kipindi cha giza, na mwezi ukikaribia kuwa mpevu wanafunga mitumbwi, wanashona nyavu. Wanajua taa yao haiwezi kushindana na mbalamwezi. Kwako ni hivyohivyo. Usiku wa mwezi mpevu na siku tatu nne kabla na baada yake mavuno yanashuka, isipokuwa pakiwa na mawingu mazito.

Unaotaka ni usiku wa joto, unyevunyevu, mawingu, hakuna upepo. Ule usiku ambao wewe mwenyewe unatupa shuka na kulalamika. Baada ya mvua za kwanza za vuli, Oktoba na Novemba, na masika kuanzia Machi, viwavi wanapata majani mapya na nondo wanafumuka. Kiangazi cha Julai utapata wachache, lakini warekodi hivyohivyo, nitaeleza kwa nini.

Upepo ndio adui ambaye watu hawamhesabu. Jani la mgomba likianza kupiga makofi, nondo wadogo hawaruki.

Halafu kuna kumbikumbi. Mvua kubwa ikinyesha mchana, jioni ikatulia, hao wanakuja kwa maelfu ndani ya saa ya kwanza, wanajaza ndoo, wanadondosha mbawa na kuwachakaza nondo wote waliomo. Usipigane nao. Zima taa, waache wapite, washa tena saa 3 usiku. Kama kwenu mnawala, weka beseni la maji chini ya taa nyingine upande wa pili wa nyumba, kila mtu afurahi. Watu wa Bukoba wanaovua senene kwa mabati na taa kali wanaisoma hii wakicheka, mtego wa taa kwao sio kitu kipya hata kidogo.

## Hatua ya 3: Waambie majirani

Hii sio utani. Shuka jeupe linaning'inia nyuma ya nyumba, mwanga wa zambarau, mtu mmoja kaduwaa mbele yake anaongea peke yake akihesabu. Wewe ungefikiria nini? Usiku wangu wa tatu walikuja vijana wa ulinzi shirikishi wakiwa na marungu na swali moja tu, nani kafa. Nilivyowaonesha nondo mwenye picha kama ya fuvu mgongoni (huyo ni *Acherontia atropos*, ukimshika analia kama panya), nikaharibu zaidi.

Kwa hiyo mwambie mjumbe na nyumba za jirani mchana, waite waje waone usiku mmoja. Watoto ndio watakaokuletea habari mtaani, na wana macho kuliko wewe.

## Hatua ya 4: Funga shuka

Chagua mahali ambapo taa inaonekana kutoka kwenye majani, sio imefichwa kwenye kona ya ukuta. Zima taa za nje za nyumba. Kama kuna taa ya barabarani, weka nyumba katikati yako na hiyo taa.

Anika shuka kwenye kamba likiwa wima, na mita moja nzima ya chini iache ilale ardhini kuja mbele. Hiyo sehemu ya chini watu wanaikata wakiona inachafuka, na ndiyo inayopokea nusu ya nondo. Kuna utafiti wa kamera za kasi uliochapishwa mwaka 2024 ulioonesha kwamba wadudu wa usiku wanaegemeza mgongo kuelekea kwenye mwanga, maana siku zote angani ndiko kwenye mwanga kuliko ardhini. Wakikutana na taa yako wanageuza mgongo kuielekea, ndiyo maana wanazunguka, na taa ikiwa chini yao wanapinduka wanaanguka. Wakianguka kwenye majani umewapoteza. Wakianguka kwenye shuka umewapata.

Ning'iniza taa sentimita 20 hivi mbele ya shuka, usawa wa kifua. Ekstensheni iinue kutoka ardhini, iweke juu ya tofali na uifunike kwa ndoo iliyogeuzwa. Mvua ikianza zima kwenye swichi ya ndani kwanza, usiguse holda na mikono yenye maji. Kama una ledi ya volti 5, tumia pawabanki uondoe hofu yote hii.

*Umefanikiwa kama:* shuka lote lina mwanga sawa bila kivuli kikubwa katikati, na upepo haulipeperushi kugonga taa.

## Hatua ya 5: Au tengeneza ndoo

Shuka ni la kukaa nalo. Ndoo inafanya kazi wewe umelala.

1. Toboa vitundu vidogo kumi hivi chini ya ndoo, maji ya mvua yatoke. Bandika neti ya dirishani kwa ndani ili sisimizi wasipite.
2. Kata dumu la lita 5 katikati, chukua upande wa mdomo, geuza juu chini. Hiyo ni faneli. Ule mdomo wa dumu ni mwembamba mno, ukate uwe na upana wa sentimita 4 hivi. Ukiuacha mdogo nondo wakubwa wanakwama, ukiupanua sana wanatoka walikoingilia.
3. Kata duara kwenye mfuniko wa ndoo, ingiza faneli, ziba pembeni kwa selotepu pana.
4. Simamisha taa juu ya faneli, na kuizunguka weka vibao vitatu vya plastiki ngumu inayoonesha, vimesimama kama mbawa za feni. Nondo akizunguka taa anagonga kibao, anateleza, anaingia.
5. Jaza ndoo trei za mayai zimesimama upande. Hii ndiyo sababu wanatulia: wanatafuta kijishimo chenye giza wanakaa. Ndoo isiyo na trei ni ngumi usiku kucha, asubuhi unakuta mbawa tupu.

Weka ndoo juu ya matofali mawili na uzungushie majivu chini. Siafu wakiigundua hutapata hata vipapasio.

## Hatua ya 6: Kaa nayo

Washa saa 1 kasoro usiku, kabla giza halijakolea. Wa kwanza kuja huwa wadogo, wale wa kwenye majani ya mboga. Wakubwa wengi mimi nawapata baada ya saa 4, na wengine wanakuja saa 8 nikiwa nimeshasinzia kwenye kiti. Kwa hiyo usizime saa 2 na kusema hakuna kitu.

Kagua pia nyuma ya shuka, ukutani, kwenye nguo yako na majani ya jirani. Kuna nondo hawakai kwenye mwanga wenyewe, wanatua mita mbili tatu pembeni na kunyamaza.

Onyo: kuna kimdudu chembamba, chekundu na cheusi kwa pete, hakifiki sentimita moja, wengi tunakiita nairobi flai. Kinapenda taa kipindi cha mvua. Hakiumi, ila ukikipondea kwenye ngozi sumu yake inaunguza, na hujui mpaka kesho yake unapoona malengelenge. Kikitua kipulize. Ukikiponda, osha kwa maji na sabuni hapohapo na usijifute macho.

Baadhi ya nondo wenye manyoya mengi nao wanawasha. Washike kwa kikontena, sio kwa vidole.

Vunjajungu na mijusi watajipanga pembeni ya shuka kama wamealikwa. Mijusi wafukuze. Vunjajungu mimi namhamishia kwenye mpapai, anarudi, namhamisha tena.

## Hatua ya 7: Amka kabla ya kuku

Ndoo ifunguliwe saa 11 na nusu alfajiri. Ukichelewa mpaka jua litoke, ndani kunapata joto, nondo wanachachamaa na kuruka wote mara moja unapofungua. Halafu kuku. Mara ya kwanza niliiacha nikaenda kuswaki, niliporudi jogoo alikuwa amesimama juu ya mfuniko na matetea wanne wamefungua trei kama wanasoma gazeti. Rekodi ya siku ile inasomeka: "mbawa 11, kuku 5."

Inua trei moja moja taratibu, angalia pande zote mbili, hesabu, andika, iweke kivulini. Usitikise. Anayetaka kuruka mfunike na kikontena.

Nondo asiyetulia mweke kwenye kikontena, kisha kwenye friji dakika 10 hadi 15. Friji, sio frizani. Akitoka anakuwa mpole kwa dakika kadhaa za kupiga picha, halafu anaanza kutetemesha mbawa kujipasha joto, huo ni mtetemo wa kawaida, haumwi. Waambie wa nyumbani kuna nini kwenye kikontena kabla hawajakifungua wakidhani ni siagi.

## Hatua ya 8: Piga picha inayosaidia

Picha nzuri ya ukurasani na picha ya kutambulisha ni vitu viwili. Unahitaji:

- Kutoka juu kabisa, mbawa zote zionekane, rula au viboksi pembeni
- Ubavuni, ionekane amekaaje na uso wake
- Mbawa za nyuma kama amezifunua mwenyewe. Usimlazimishe, unga wa mbawa ukitoka hauoti tena

Mwanga wa simu ukipiga moja kwa moja unafuta michoro. Bandika kipande cha tishu juu ya flashi, unalainika. Na usipige chini ya taa ya UV, kila nondo atakuwa zambarau na hakuna atakayeweza kukusaidia jina.

## Hatua ya 9: Andika, ndiyo kazi yenyewe

Kila kitu hapo juu ni maandalizi ya ukurasa mmoja. Mtu mwenye picha 300 zisizo na tarehe ana albamu. Mwenye mistari 20 iliyokamilika ana rekodi. Huu ni mfano kutoka daftari langu:

> Usiku wa 14–15/11/2023. Bigwa, bustani ya nyuma. Ndoo, ledi UV wati 10. Saa 18:50 hadi 05:30. Mawingu, hakuna upepo, mvua jana mchana, mwezi mchanga umezama mapema.
> *Hippotion celerio* 3. *Spoladea recurvalis* 14. *Agrius convolvuli* 1. Wa familia ya Crambidae, mweupe wa ukingo wa kahawia, 2 (picha 41). Kijivu mdogo A, 6 (picha 42–44). Wengine hawajahesabiwa: wadogo chini ya mm 8, kama 20.

Majina ya Kilatini ni ya kisayansi ya nondo, namba inayofuata jina ni idadi yao. Angalia mambo matatu hapo.

Kwanza tarehe. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumatano" na kila mtu anaelewa, ila kwenye karatasi baada ya miezi sita hukumbuki ulimaanisha usiku upi. Andika tarehe mbili, 14–15.

Pili saa. Hapa ndipo rekodi nyingi za Waswahili zinaharibika. Ukiandika "saa 2" kwenye daftari halafu ukaijaza kwenye programu kama 02:00, nondo wako wa saa mbili usiku amekuwa wa saa nane. Kwenye daftari tumia mtindo wa 18:50 kuanzia mwanzo, hata kama mdomoni unasema saa moja kasoro dakika kumi.

Tatu, hesabu na vitu usivyovijua. "Kijivu mdogo A" ni jina halali kabisa. Akija tena wiki ijayo ni A tena, siku ukipata jina lake unarudi kurekebisha. Na usiku ukipata sifuri andika sifuri, pamoja na hali ya hewa. Bila zile sifuri za Julai huwezi kujua nani ameanza lini vuli, unajua tu siku uliyojisikia kuwasha taa.

Tumia taa ileile, mahali palepale, muda uleule. Ukibadilisha balbu andika. Vinginevyo utasherehekea nondo kuongezeka kumbe ni wati zimeongezeka.

## Hatua ya 10: Majina

Usikimbilie jina kamili. Afrika ina nondo wengi mno ambao hata wataalamu hawawatofautishi kwa picha. Anza na familia, zinakaririka.

Mwenye mbawa nyembamba za ndege ya kivita na mwili mnene ni Sphingidae. Mkubwa wa viganja, mwenye madoa kama macho, vipapasio kama kitana, huwa Saturniidae. Anayejibandika bapa ukutani mbawa zote zimetandazwa mara nyingi ni Geometridae, watoto wake ni wale viwavi wanaotembea kama wanapima kwa shibiri. Mwenye umbo la herufi T ni Pterophoridae.

Halafu angalia umepanda nini, maana bustani inakuambia nusu ya majibu. Una mchicha? Yule wa kahawia mwenye mkanda mweupe uliokatiza mbawa ni *Spoladea recurvalis*, kiwavi wake ndiye anayekunja majani yako. Matembele yanamleta *Agrius convolvuli*, wa kijivu, tumbo lina pete za waridi. Mweupe wa ukingo wa kahawia mwenye kishada cha manyoya mkiani anatoka kwenye matango na maboga, *Diaphania indica*, na ndiye yule wa picha 41 hapo juu, nilimpata jina miezi miwili baadaye. Nyanya zina kantangaze, *Tuta absoluta*, kinondo cha milimita 6 au 7 ambacho kwenye shuka utadhani ni takataka. Mahindi yana kiwavijeshi vamizi, *Spodoptera frugiperda*, aliyeripotiwa Afrika mara ya kwanza mwaka 2016.

Picha zipandishe iNaturalist, programu ya kuweka picha za viumbe na kusaidiana majina. Programu itakupendekezea jina papo hapo na mara nyingi kwa nondo wa kwetu itakosea kwa kujiamini, inakupa wa Asia anayefanana. Chagua familia au jenasi (kundi dogo ndani ya familia), subiri watu wathibitishe. Kisha hakiki kwenye Afromoths, hifadhidata ya nondo wa Afrika kusini mwa Sahara, kama huyo aliwahi kurekodiwa Tanzania au nchi jirani. Na mahali pa nyumbani kwako paweke kwa kuficha, programu inaruhusu, watu wasiujue mlango wako kwa sababu ya nondo.

## Hatua ya 11: Waachie vizuri

Usiwamwage pale pale kwenye ndoo. Ndege wanajifunza haraka, siku ya tatu utakuta wanakusubiri kwenye uzio. Peleka trei kwenye kichaka kizito chenye kivuli, ziinamishe, gonga kidogo nyuma waingie wenyewe kwenye majani. Badilisha kichaka kila mara.

Usiwashe kila siku. Usiku mmoja au miwili kwa wiki unatosha, jike aliyelala kwenye ndoo yako jana huenda hakutaga, mpe nafasi. Hapa naongelea kupiga picha na kuachia tu. Ukitaka kukusanya waliokufa au kutuma vielelezo nje ya nchi, huko kuna vibali vyake.

Trei zianike juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Zikirudi na unyevu zinaota ukungu, na nondo hawazikalii.